Hitilafu za mfumo wa kudhibiti lifti

Hitilafu za mfumo wa kudhibiti lifti ni kasoro zinazotokea katika vifaa vya umeme na vya elektroniki vinavyoamua lini lifti iondoke, isimame wapi na ifungue milango lini. Hujitokeza kwa namna mbalimbali: lifti haiji inapoitwa, milango inafunguka na kujifunga bila kukoma, kibanda kinasimama katikati ya ghorofa mbili, au sakafu ya kibanda hailingani na sakafu ya ghorofa.

Lifti hutengenezwa kwa kanuni kwamba ikiwapo shaka yoyote ya usalama, isimame. Kwa sababu hiyo lifti iliyokwama mara nyingi imetii tu swichi ya usalama iliyoikataza kwenda. Kazi ya fundi ni kujua ni swichi ipi iliyokataza na kwa nini. Kuipita swichi hiyo ili lifti iendelee, bila kujua sababu, ni kosa ambalo limewahi kuua watu.

Makala hii inaeleza jinsi hitilafu hizo zinavyotafutwa. Kazi yenyewe hufanywa na mafundi waliofunzwa na kuidhinishwa, kwa kuwa ina hatari za umeme, za kuanguka na za kubanwa na mashine.

## Historia

Mwaka 1854 Elisha Otis alionyesha mjini New York, Marekani, jukwaa la kupandishia mizigo lenye breki inayolizuia lisianguke kamba yake inapokatika. Mwaka 1880 Werner von Siemens alionyesha lifti inayoendeshwa kwa umeme mjini Mannheim, Ujerumani.

Lifti za kwanza za abiria ziliendeshwa na mhudumu aliyesimama ndani ya kibanda akishika wenzo. Baadaye kazi ya kuamua ilihamishiwa kwenye rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kabati la lifti ya aina hiyo huwa na rilei nyingi zinazolia kila kibanda kinapoondoka au kusimama, na fundi mzoefu hutambua kasoro kwa kusikiliza rilei ipi haikuvuta. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 kompyuta ndogo zilianza kushika nafasi ya rilei. Faida yake kubwa katika utafutaji wa hitilafu ni kwamba kompyuta huweka kumbukumbu ya kilichotokea na kuonyesha msimbo wa hitilafu.

Hata hivyo, katika lifti nyingi za leo saketi ya usalama bado ni waya na swichi halisi. Programu ya kompyuta ikikosea, swichi hizo bado zina uwezo wa kukata umeme wa mota na wa breki.

## Sehemu za mfumo

* Kontrola: kabati lenye bodi za elektroniki, rilei, kontakta, fyuzi na transfoma. Hupokea maombi ya abiria na kutoa amri za mwendo.
* Inverta: kifaa kinachobadili volti na masafa ya umeme ili mota ianze polepole, iongeze mwendo na kupunguza bila kushtua.
* Mota na breki: mota huzungusha gurudumu linalobeba kamba za chuma, breki hulishika gurudumu hilo lifti inaposimama.
* Uzani wa kusawazisha: uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba. Kwa kawaida hulingana na uzito wa kibanda pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wake wa juu kabisa.
* Sensa na enkoda: hueleza kibanda kiko wapi na kinakwenda kwa mwendo gani.
* Mashine ya milango: mota ndogo juu ya kibanda inayofungua na kufunga mlango wa kibanda, ambao nao huvuta mlango wa ghorofa.
* Kebo ya kusafiri: kebo ndefu inayoning'inia chini ya kibanda na kukiunganisha na kontrola.
* Kidhibiti mwendo: gurudumu lenye kamba yake ambalo huzichochea breki za dharura zibane reli ikiwa kibanda kinashuka kwa kasi isiyoruhusiwa. Katika kanuni za Ulaya za EN 81-20, hakitakiwi kufanya hivyo kabla mwendo haujafikia asilimia 115 ya mwendo wa kawaida.

## Mnyororo wa usalama

Mnyororo wa usalama ni saketi inayopita katika swichi zote za ulinzi, moja baada ya nyingine. Unaweza kufananishwa na bomba moja lenye koki nyingi: koki yoyote ikifungwa, maji hayafiki mwisho. Umeme usipofika mwisho wa mnyororo, mota haipati nguvu na breki haiachii.

Katika mnyororo huo huwamo swichi ya kusimamisha iliyo katika shimo la chini, swichi za mwisho wa safari juu na chini, swichi ya kidhibiti mwendo, swichi ya breki za dharura, kitufe cha kusimamisha kilicho juu ya kibanda, swichi ya mlango wa kibanda na swichi za kufuli za milango yote ya ghorofa. Jengo lenye vituo 10 vya lifti lina kufuli zisizopungua 10, na moja tu isipofunga sawasawa, lifti nzima husimama. Kanuni za Ulaya zinataka ulimi wa kufuli uwe umeingia angalau milimita 7 kabla kibanda hakijaruhusiwa kwenda.

Swichi hizi si za kawaida. Hutengenezwa ili nguvu ya mlango au ya wenzo wenyewe izitenganishe ncha zake hata kama zimegandana kwa joto la umeme.

### Kupima mnyororo

Kontrola nyingi zina taa au vituo vya kupimia katika hatua mbalimbali za mnyororo. Tuseme mnyororo unatumia volti 110. Fundi huweka ncha moja ya multimita kwenye waya wa kurudi, kisha hupima kituo kimoja baada ya kingine. Mahali ambapo kituo kimoja kina volti 110 na kinachofuata hakina kitu, swichi iliyo wazi iko kati ya vituo hivyo viwili.

Mnyororo ukiwa mrefu, ni haraka zaidi kuanza katikati. Volti zikiwepo, kasoro iko katika nusu ya mbele. Zisipokuwepo, iko katika nusu ya nyuma. Kwa kugawa nusu kwa nusu hivyo, swichi moja iliyo wazi kati ya 16 hupatikana kwa vipimo 4.

## Utaratibu wa kutafuta hitilafu

1. Kulinda watu. Fundi huhakikisha hakuna abiria ndani ya kibanda, huweka vizuizi kwenye milango ya ghorofa, na huiweka lifti katika hali ya ukaguzi. Katika hali hiyo haiitikii vitufe vya abiria, na kwa kanuni za Ulaya mwendo wake hauzidi mita 0.63 kwa sekunde.
2. Kuuliza. Mlinzi, msafishaji na wakazi wa jengo huwa na habari muhimu: ilisimama ghorofa gani, ikipanda au ikishuka, ikiwa na watu wangapi, na kama umeme ulikatika kabla yake.
3. Kusoma kumbukumbu. Misimbo ya hitilafu husomwa na kuandikwa kabla ya kuzima umeme, kwa kuwa baadhi ya kontrola hupoteza habari zinapozimwa. Msimbo huonyesha mahali hitilafu ilipoonekana, ambapo huenda si mahali ilipoanzia.
4. Kupima umeme unaoingia. Fezi zote tatu hupimwa, kisha fyuzi na volti za saketi ndogo zinazotoka katika transfoma.
5. Kupima mnyororo wa usalama kama ilivyoelezwa hapo juu.
6. Kufuatilia amri. Mnyororo ukiwa mzima, huangaliwa kama ombi limepokewa, kama milango imethibitishwa kufungwa, kama kontakta zimevuta, kama breki imeachia na kama inverta imetoa umeme. Hatua isiyotokea ndiyo inayochunguzwa.
7. Kuthibitisha. Baada ya matengenezo lifti hujaribiwa katika ghorofa zote, tupu na ikiwa na mzigo. Kazi yote huandikwa katika daftari la lifti.

Fundi anapolazimika kugusa nyaya au mashine, swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao yeye mwenyewe. Inverta inayotumia umeme wa volti 400 huhifadhi ndani ya kapasita zake umeme wa takriban volti 565, na umeme huo hubaki kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuu kuzimwa. Ni lazima kusubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha kupima.

## Hitilafu za kawaida

### Milango

Milango ndiyo ya kwanza kushukiwa. Katika kila kituo milango miwili hufunguka na kufunga, kwa hiyo hutumika kuliko sehemu nyingine nyingi za lifti, na ndiyo inayogongwa na mizigo, kuzuiwa kwa miguu na kumwagiwa maji ya kudekia.

* *Mlango unafunga kidogo kisha unafunguka tena.* Huenda pazia la mwanga lina vumbi, au kuna kokoto, kizibo cha chupa au karatasi katika mfereji wa kizingiti. Mlango hurudi nyuma pia unapokutana na upinzani, kwani nguvu yake ya kufunga hairuhusiwi kuzidi nyutoni 150 katika kanuni za Ulaya.
* *Mlango umefunga kabisa lakini lifti haiondoki.* Hushukiwa swichi ya kufuli: ncha zake zina kutu au uchafu, au ulimi haufiki ndani. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, hewa yenye chumvi huharakisha kutu hiyo.
* *Lifti inasimama ghafla inapopita ghorofa fulani, siku zote ileile.* Kuna uwezekano kwamba kifaa cha kibanda kinachofungua kufuli kinagusa gurudumu dogo la kufuli ya ghorofa hiyo kwa kuwa mlango umepinda au reli imehama. Ghorofa ambako lifti inasimama ndiyo huchunguzwa kwanza.

### Umeme unaoingia

Taa za kibanda kwa kawaida zina saketi yao, hivyo kibanda chenye mwanga si uthibitisho kwamba mota ina umeme. Fezi moja ikikosekana, rilei ya ulinzi wa fezi huzuia lifti isiondoke. Huzuia pia mpangilio wa fezi unapogeuzwa, jambo linaloweza kutokea baada ya matengenezo ya laini ya umeme au jenereta inapounganishwa vibaya. Mota inayounganishwa moja kwa moja na umeme wa fezi tatu hugeuza mzunguko wake mpangilio huo unapogeuka. Dawa ni kurekebisha mpangilio wa fezi, na rilei ya ulinzi ibaki mahali pake.

Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikiungua tena, kuna umeme unaovuja au mzigo uliozidi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi huhamishia joto kwenye waya.

Lifti nyingi huwekewa betri za kukifikisha kibanda kwenye ghorofa iliyo karibu na kufungua milango umeme unapokatika. Betri hizo huchakaa hata zisipotumika, hivyo hupaswa kujaribiwa kwa kuzima umeme kwa makusudi wakati wa ukaguzi.

### Inverta na mota

Kwa sababu ya uzani wa kusawazisha, kibanda kitupu ni chepesi kuliko upande wa pili wa kamba. Kikipanda, huvutwa na uzani huo, na mota hugeuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye inverta. Hali ni hiyohiyo kibanda kilichojaa kinaposhuka. Katika lifti nyingi umeme huo huchomwa kuwa joto ndani ya rezista ya breki. Kwa hiyo inverta ikionyesha msimbo wa volti kuzidi kila lifti inapopanda tupu au kushuka imejaa, rezista hiyo na nyaya zake hupimwa kwanza.

Mkondo wa umeme ukizidi wakati wa kuondoka, sababu inaweza kuwa mota inayovuja umeme au breki ambayo haikuachia, hata mota ikawa inavuta dhidi yake. Joto likizidi, huangaliwa feni, vumbi la kabati na hewa ya chumba cha mashine. Chumba kilichozibwa madirisha na kugeuzwa stoo huwa na joto ambalo kontrola haikutengenezewa.

### Breki

Breki ya lifti hufungwa na springi na kufunguliwa na umeme. Umeme ukikatika, hufunga yenyewe. Kanuni za Ulaya zinataka breki peke yake iweze kukisimamisha kibanda kinachoshuka kwa mwendo wa kawaida kikiwa na asilimia 125 ya mzigo wake.

Koili dhaifu huifanya breki iachie nusu. Pedi huburuzika, hupata joto na kutoa harufu ya kuungua, na huliwa haraka. Mafuta yanayovuja juu ya pedi hupunguza mshiko. Breki inayoteleza ni sababu ya kuifunga lifti hadi itengenezwe.

### Nafasi na usawa wa sakafu

Kanuni za Ulaya zinataka kibanda kisimame kwa tofauti isiyozidi milimita 10 kutoka sakafu ya ghorofa. Tofauti kubwa huwakwaza wazee, vipofu na watu wanaotumia viti vya magurudumu.

Kosa likiwa katika ghorofa moja tu, huchunguzwa sumaku au bamba la alama la ghorofa hiyo. Likiwa katika ghorofa zote, huchunguzwa enkoda, breki na mtelezo wa kamba. Likibadilika kulingana na idadi ya abiria, huenda mfumo hausahihishi mvutiko wa kamba unaoletwa na mzigo.

### Vitufe, mizani na mawasiliano

Kitufe kilichokwama huiita lifti ghorofa moja kila mara. Mizani ya kibanda iliyoharibika huweza kutoa mlio wa mzigo kuzidi hata kibanda kikiwa kitupu. Waya uliokatika ndani ya ganda lake katika kebo ya kusafiri huleta hitilafu inayokuja na kuondoka, mara nyingi kebo inapojikunja mahali palepale pa safari.

Pengine hakuna hitilafu: lifti isiyoitikia huenda imewekwa katika hali ya zimamoto, au imezimwa na msimamizi wa jengo kwa ufunguo.

## Hatari ya jampa

Jampa ni kipande cha waya kinachounganisha pande mbili za swichi ili umeme upite hata swichi ikiwa wazi. Jampa ikiwekwa kwenye kufuli za milango, kontrola huamini kwamba milango yote imefungwa na lifti huweza kuondoka mlango ukiwa wazi.

Tarehe 14 Desemba 2011 mwanamke mmoja alifariki katika jengo la 285 Madison Avenue mjini New York, baada ya lifti kupanda akiwa anaingia. Uchunguzi wa mamlaka za jiji ulibaini kwamba wakati wa matengenezo saketi ya usalama ya milango ilikuwa imepitwa kwa waya, na lifti ikarudishwa kazini kabla waya huo haujaondolewa.

Mlango wazi ni hatari pia breki inaposhindwa. Tarehe 3 Juni 2006 mwanafunzi wa miaka 16 alifariki katika eneo la Minato, Tokyo, lifti ilipopanda akiwa anatoka, na uchunguzi ulionyesha breki iliyochakaa. Japani ilibadili kanuni zake, na tangu 2009 lifti mpya nchini humo hutakiwa kuwa na kinga dhidi ya kibanda kuondoka milango ikiwa wazi.

Kanuni za EN 81-20 zinataka kontrola iwe na swichi maalumu ya kupita swichi za milango wakati wa matengenezo. Ikiwashwa, lifti huenda katika hali ya ukaguzi tu, huku kengele ikilia na taa ikimulika kwenye kibanda. Kwa njia hiyo fundi hahitaji waya wake mwenyewe, na lifti haiwezi kuwabeba abiria mpaka swichi irudishwe. Katika lifti za zamani zisizo na swichi hiyo, baadhi ya mafundi hutumia jampa ndefu za rangi kali zenye namba, na huzihesabu kabla ya kuondoka.

## Abiria waliokwama

Aliyekwama hushauriwa kubonyeza kitufe cha kengele, kutulia na kusubiri. Kibanda kina matundu ya hewa, na taa ya dharura katika lifti zinazofuata kanuni za Ulaya hudumu angalau saa moja. Hatari kubwa huanza mtu anapolazimisha mlango na kujaribu kutoka kati ya ghorofa mbili, kwani anaweza kuteleza na kuanguka katika njia ya lifti, au kubanwa kibanda kikiondoka.

Uokoaji hufanywa na mtu aliyefunzwa. Huwasiliana kwanza na walio ndani, huzima swichi kuu, kisha huachia breki kwa mkono kidogo kidogo hadi kibanda kifike usawa wa ghorofa. Mlango wa ghorofa hufunguliwa kwa ufunguo maalumu baada ya kuhakikisha kwamba kibanda kipo nyuma yake.

## Matengenezo na sheria

Hitilafu nyingi huzuilika. Mifereji ya vizingiti isafishwe kila mara, maji ya kudekia yasiingie katika njia ya lifti, chumba cha mashine kiwe na hewa na kifungwe, na ufunguo wa milango usipewe mtu asiyefunzwa. Daftari la lifti huonyesha hitilafu inayojirudia, ambayo fundi anayekuja mara moja hawezi kuiona.

Nchini Tanzania usalama wa mahali pa kazi, pamoja na vyombo vya kunyanyulia, husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Nchini Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti zikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. Mwenye jengo ana wajibu wa kuifunga lifti yenye kasoro ya usalama hadi itengenezwe, hata kama wapangaji watalazimika kupanda ngazi.

## Tazama pia

* Lifti
* Mota ya umeme
* Rilei
* Transfoma
* Breki
* Usalama kazini